Toroli Lisilo na Mteja

Kila geti lina mwenyewe. Mwenye nyumba huja na picha kwenye simu, huonesha maua anayoyataka katikati na mikuki anayoitaka juu, wanavutana bei, anatoa malipo ya awali, na kuanzia hapo fundi anaifuata picha. Ndivyo zinavyotengenezwa pia grili za madirisha, vitanda vya bweni na fremu za vibanda vya biashara. Lakini kwenye karakana za kuchomelea utakuta, mara mojamoja, kitu ambacho hakuna aliyekiagiza na hakuna atakayekinunua: toroli la kubebea mashine yenyewe ya kuchomelea. Kwenye kazi hiyo fundi ndiye mteja, ndiye mchoraji, ndiye mlipaji, na ndiye atakayelisukuma kila asubuhi mpaka lichakae. Mimi nikipita karakana huliangalia toroli kwanza, kisha ndiyo nitazame geti lililosimamishwa barabarani kuvuta wateja.

Nimesema mara mojamoja kwa sababu wengi hawana. Mganga hajigangi. Fundi aliyefunga mageti mtaa mzima utamkuta mashine yake imekalia matofali mawili, waya zimelala vumbini zikikanyagwa na bodaboda, vijiti vya kuchomelea viko kwenye boksi lililolowa, na nyundo ya kubandulia gamba haijulikani ilipo. Kazi ikihamia upande wa pili wa uwanja wanaitwa vijana wawili waibebe mashine, mmoja huku na mmoja kule, na waya zinaburutwa nyuma yao. Hakuna anayelalamika. Mteja halipii usumbufu huo, kwa hiyo hauingii kwenye hesabu.

Fundi ninayetaka kumsimulia ana karakana ya wazi Tabata, Dar es Salaam, chini ya mwembe, juu ya ardhi ya mchanga. Toroli lake lilitengenezwa kwa vipande, katikati ya kazi za watu, maana kazi isiyo na malipo hufanyika pale mteja anapochelewa kuleta hela ya vifaa. Hakuchora karatasini. Alilaza bati chakavu chini, akasimamisha mashine juu yake, akazungushia chaki, akaiondoa. Kisha akaanza kuweka vitu vingine pembeni ya alama ile, kimoja kimoja: grenda, kofia ya kujikingia macho, boksi la vijiti, waya. Alivihamisha huku na huko kwa muda mrefu bila kukata chuma hata kimoja. Kijana wake alikuwa amekwisha kuchomeka grenda kwenye umeme.

“Fundi, tunakata?”

“Subiri kwanza, dogo. Bado sijajua mkono unaanzia wapi.”

Jibu hilo limebeba ubunifu wote wa toroli lile.

Mashine yake ni ya transfoma, ya mtindo wa zamani: kiini cha mabati yaliyopangwa kwa tabaka, nyaya nene zilizozungushiwa, na mkono juu wa kupandisha na kushusha moto. Uzito wake ni kama kilo 60. Siku hizi maduka yamejaa inveta, ambazo huukatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na kwa sababu hiyo kiini chake huwa kidogo hata mashine nzima ikashuka chini ya kilo 10. Mwenye inveta anaitia begani na kuondoka. Ungedhani basi toroli limepitwa na wakati. Fundi huyu anakataa, na naona hoja yake ina nguvu: mashine nyepesi imepunguza mzigo mmoja tu. Bado ipo waya ya holda, waya ya ethi, waya ndefu ya kuvutia umeme, grenda na diski zake, vijiti, klampu, brashi ya waya, nyundo. Hivyo havikupungua hata gramu moja.

Ukitaka kujua kama fundi amefikiri, anza na magurudumu. Dukani vipo vigurudumu vidogo vinavyogeuka pande zote, vya kufungwa kwenye vitanda vya hospitali, na matoroli mengi ya kuchomelea yanayouzwa tayari yamefungwa hivyo hivyo. Yametengenezwa kwa ajili ya karakana yenye sakafu ya saruji. Tabata, kigurudumu cha sentimita 7 chenye mzigo wa kilo 60 juu yake kingelima mchanga badala ya kupita juu yake. Kwa hiyo akatafuta magurudumu ya toroli la ujenzi, yenye tairi ya 4.00-8, yaani upana wa inchi 4 na rimu ya inchi 8. Hapo kuna akili nyingine ndani yake: bajaji zetu nazo hutumia tairi ya saizi hiyo hiyo. Tairi ikipasuka, nyingine iko kwa fundi pancha jirani, iliyochoka kwa bajaji lakini bado ina miaka mingi ya kubeba mashine polepole. Mtu mwingine angechagua tairi ngumu zisizo na upepo, kwa kuogopa vipande vya nondo vilivyotapakaa chini. Yeye alichagua kufagia.

Tairi ya mpira na cheche za moto hazikai pamoja, na hilo nalo alikuwa amelifikiria. Juu ya kila gurudumu aliweka madigadi ya bati, mapana kuliko tairi yenyewe, yenye kingo zilizokunjwa ili zisikate miguu ya watu. Ni kazi ndogo, lakini bila hayo cheche ya kwanza ya grenda ingetua kwenye mpira.

Kisha mahali pa ekseli. Hili ndilo jambo lililomchukua muda mrefu kuliko yote, na nadhani ndilo linalotenganisha toroli na sanduku lenye magurudumu. Chukua mashine ya kilo 60. Uzito wake ukiwa sentimita 20 mbele ya ekseli, na mpini ukiwa umbali wa mita 1 kutoka ekseli upande huo huo, mikono inanyanyua kilo 12. Uzito ukisogea hadi sentimita 40, mikono inanyanyua kilo 24, na jioni mgongo utasema. Basi mtu angesema: weka uzito juu ya ekseli kabisa, mikono isibebe kitu. Lakini toroli la namna hiyo likisimama halitulii. Mtu akivuta waya ya holda kwa nguvu kidogo linabinuka kinyumenyume pamoja na mashine. Panatakiwa uzito ubaki kidogo upande wa mguu wa mbele, wa kutosha kulituliza likiwa limesimama, usiozidi hapo.

Fundi hakufanya hesabu hiyo kwa namba. Alilaza fremu juu ya bomba la duara, akaweka mashine, akaliviringisha bomba mbele na nyuma huku akiinua mpini kwa vidole, mpaka vidole viliporidhika. Akaweka alama ya chaki. Akaondoa mashine, akaweka vitu vingine vyote ambavyo toroli lingebeba, akarudisha mashine, akajaribu tena. Alama ya pili haikuwa pale ilipokuwa ya kwanza, na ekseli ilichomelewa kwenye ya pili. Alipokuwa anaichomelea, klampu ya ethi aliibana sentimita chache tu kutoka mahali pa moto, upande wa fremu, na magurudumu yakiwa bado hayajavishwa. Umeme wa kuchomelea hutafuta njia ya kurudi kwenye mashine, na ukipitia kwenye beringi huacha vidonda kwenye gololi zake. Toroli hilo litasukumwa miaka mingi bila mlio, na hakuna atakayejua ni kwa sababu ya klampu.

Kwa upande wa mbele aliweka mguu mmoja, katikati, wenye kiatu kipana cha bati nene. Kijana alishangaa kwa nini si miwili. Jibu ni la kale: kitu chenye nukta tatu za kukanyagia hakiyumbi juu ya ardhi yoyote, kiwe ni kigoda au ni toroli, wakati chenye nne hutafuta kila mara mguu wa kuacha hewani. Gharama yake ni kwamba kitu cha miguu mitatu huanguka upande kwa urahisi zaidi. Akailipa gharama hiyo kwa kurefusha ekseli, magurudumu yakatoka nje ya fremu kwa upana wa kiganja kila upande. Hapo toroli likakataa kupita kwenye mlango wa stoo. Akapanua mlango. Mlango nao alikuwa ameuchomelea mwenyewe.

Fremu yenyewe ni ya mabomba ya mraba ya milimita 40 kwa 40, masalio ya mageti. Bomba huuzwa kwa urefu wa mita 6, na kila geti huacha vipande ambavyo ni vifupi mno kwa geti lingine. Unene wa kuta zake ni milimita 1.5, na hapa ndipo mkono unapopimwa. Moto ukizidi, bomba linatoboka. Ukipungua, mshono unakaa juu juu, unapendeza kwa macho na kuachia siku ya kwanza ya mzigo. Alitumia vijiti vya geji 12, vya milimita 2.5, aina ya E6013, akashusha moto hadi karibu ampea 70, na akachomelea kwa vipande vifupi.

Kabla ya mishono kuna kushikiza. Fremu ya sentimita 40 kwa 90 ikiwa mraba kweli, mshazari wake ni sentimita 98.5, na mshazari wa pili ni huo huo. Pembe zikiwa zimeshikizwa kwa nukta moja moja, tofauti yoyote inarekebishwa kwa kugonga kona ya mshazari mrefu kwa nyundo. Zikishachomelewa kabisa, hairekebishiki. Na chuma hakikai ulipokiweka. Kipande cha mita 1 kikipashwa nyuzi 100 hurefuka kama milimita 1.2, na pale penye mshono moto unafika nyuzi 1,500 na zaidi. Pakipoa, panajivuta na kumvuta jirani. Kwa hiyo mshono wa kona ya kwanza unafuatwa na wa kona inayotazamana nayo kwa mshazari, kisha hizo mbili nyingine, kila upande ukivuta dhidi ya mwenzake. Katikati ya kona na kona fundi huweka holda chini na kungoja. Namna yake ya kungoja ndiyo niliyoipenda. Hakushika simu. Alikaa akikitazama chuma kikipoa, na mara mbili alirudi na futi kupima mshazari uleule.

Kipande kimoja tu kilimchelewesha: bomba la maji la zamani alilotaka liwe mpini. Lilikuwa limepakwa zinki. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907, muda mrefu kabla chuma hakijayeyuka, na moshi wake mweupe huleta homa na kutetemeka usiku wa siku hiyo. Mafundi wengi huamini kwamba ukinywa maziwa umepona. Maziwa huenda tumboni. Moshi umeingia kwenye mapafu. Huyu aliisaga zinki yote kwa grenda sehemu za kuchomelea, akiwa amejifunga kitambaa usoni na upepo ukivuma kwa nyuma yake, ndipo akachomelea.

Sasa turudi kwenye ule mkono unaoanzia wapi. Fundi huyu hushika holda kwa mkono wa kulia, kwa hiyo waya yake inatokea kulia na ya ethi kushoto, zisipishane miguuni. Mashine haikukaa wima. Imelazwa nyuma kidogo ili namba za ampea zisomeke bila kuinama. Nyundo na brashi viko upande wa kulia chini ya mpini, kwa sababu baada ya kila mshono mkono wa kulia ndio unaoachia holda na kutafuta nyundo. Grenda iko nyuma kabisa, ndani ya kikapu cha nondo, na kati yake na matundu ya feni ya mashine kuna ukuta wa bati. Unga wa chuma unaorushwa na diski ukinyonywa na feni hujikusanya ndani, na kwenye inveta, yenye bodi za elektroniki, unga huo huua mashine kuliko mvua. Mashine yake si inveta. Ukuta aliuweka kwa ajili ya mashine atakayonunua baadaye.

Vijiti vina bomba lao, la plastiki la maji taka, lililozibwa chini na lenye mfuniko juu, la kuingiza vijiti vya sentimita 35 na kuvitoa bila kuvichokonoa. Ganda la kijiti, lile lililoanzishwa na Msweden Oscar Kjellberg mwanzoni mwa karne ya 20, ndilo linaloulinda mshono na hewa wakati umeyeyuka, na ganda hilo hunyonya unyevu. E6013 huvumilia kidogo. Vijiti vya E7018, vya kazi nzito, havivumilii, na hewa ya pwani hii imejaa maji. Bomba lile ni masalio ya fundi bomba wa nyumba ya jirani.

Ndoano ya kutundikia holda ndiyo inayonifanya nimheshimu zaidi. Fremu nzima ni ya chuma, na mashine ikiwa imewashwa, hata kama hakuna anayechomelea, kati ya holda na ethi kuna volti 50 hadi 80 zinazosubiri. Holda yenye kijiti ikitundikwa kwenye chuma kitupu, na toroli likagusana na geti lililobanwa ethi, cheche inaruka mahali pasipotarajiwa, pengine kwenye mkono wa kijana aliyeegemea hapo akiwa na jasho. Kwa hiyo ndoano ni ya mti wa mninga, iliyofungwa kwa bolti ambazo vichwa vyake vimezamishwa ndani ya mbao. Ni kipande pekee cha mbao kwenye toroli zima, na amekipaka mafuta ya kula.

Waya nazo zina ndoano mbili zilizo mbali, moja juu na moja chini, ya chini ikizunguka ili kuidondosha waya yote kwa mkupuo. Fundi anajua, kwa mazoea, kwamba ukiacha waya ya holda imezungushwa mizunguko mingi kwenye chuma huku unachomelea, moto unalegea. Sababu ni kwamba mashine yake ni ya umeme wa AC, na waya iliyozungushwa kwenye chuma hugeuka koili inayoupinga umeme huo. Basi ameifanya njia sahihi iwe ndiyo njia ya haraka, na hahitaji kumkumbusha kijana.

Watu walimshauri aongeze sehemu ya mitungi ya gesi nyuma, toroli liwe moja la kila kitu. Alikataa, na mimi namuunga mkono. Mtungi mkubwa wa oksijeni una uzito unaozidi kilo 60 na mgandamizo wa hadi bar 200 ukiwa umejaa. Haupaswi kabisa kuwa sehemu ya njia ya umeme wa kuchomelea, na kijiti kikigusa ubavu wake kwa bahati mbaya huacha kovu linaloudhoofisha. Mwenzake wa asetilini lazima asimame wima, kwa sababu gesi hiyo imeyeyushwa ndani ya asetoni, na ukilazwa asetoni inatoka pamoja na gesi. Halafu kuna grisi. Oksijeni yenye mgandamizo ikikutana na mafuta au grisi inaweza kuwaka yenyewe bila kiberiti, na fundi anayepaka grisi beringi za toroli ndiye huyo huyo atakayefungua koki ya mtungi. Mitungi ina toroli lake, fupi na rahisi, jukwaa likiwa karibu kugusa ardhi ili mtungi uviringishwe kwa ukingo wake na kupanda bila kunyanyuliwa, na minyororo miwili ya chuma, mmoja juu na mmoja chini ya katikati. Wengi hufunga kwa mpira wa tyubu. Mpira huungua, na huungua wakati ule ule ambao mtungi unahitaji kushikwa.

Rangi ilikuja mwisho, kijivu cha geti la mtu fulani, na haikutosha. Mpini umebaki bila rangi, unaong'aa kwa viganja. Mishono haikusagwa kulainishwa. Unaiona yote, mawimbi yake yakiwa na nafasi sawa, na kwenye kona moja ya chini, mahali ambapo hakuna mteja atakayeinama kutazama, ni safi kuliko kwenye geti la mbele.

Walimu wa vyuo vyetu vya ufundi, naomba mlijaribu jambo hili mwaka ujao. Mpeni kila mwanafunzi wa kuchomelea bomba moja la mita 6, magurudumu mawili na wiki mbili. Msimpe mchoro. Kisha mwambieni apakie mashine yake na kuisukuma peke yake kutoka karakana hadi getini na kurudi, nanyi mpange alama baada ya hapo.